Ng'ambo Moja Waachiwe Ndege

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nizungumzie habari mliyoitoa wiki iliyopita kuhusu ile hifadhi ndogo ya ardhioevu, kwamba kijia cha mbao kitaongezwa hadi kilizunguke bwawa lote, ili wageni watembee duara kamili badala ya kufika mwisho na kurudi walikotoka. Waliopanga wana nia njema, sina shaka, na mimi hukanyaga mbao hizo karibu kila wiki. Hata hivyo nawaomba wasikimalize.

Ndege wa majini ana umbali wake wa kumvumilia mtu. Ukiwa mbali anaendelea kula. Ukisogea ananyanyua shingo. Ukizidi kusogea anaruka. Kukuziwa aliyezoea watu anaweza kukuacha ufike hatua chache kutoka alipo, lakini korongo mwenye wasiwasi huwa ameshaondoka kabla hujatoa darubini kwenye mfuko wake. Chukua bwawa lenye upana wa mita 100, na ndege anayeruka mtu akifika mita 60. Watu wakiwa upande mmoja tu, ndege huhamia upande wa pili na maisha yanaendelea. Wakiwa pande zote mbili, hakuna maji yaliyobaki ya kukimbilia. Kwenye ziwa kubwa jambo hili halina uzito, maana ziwa kubwa lina katikati. Bwawa letu halina.

Niliyoyaona Jumapili iliyopita yanatosha kuwa ushahidi. Nilifika kabla jua halijachomoza, nikaketi kwenye benchi la mwisho, pale kijia kinapoishia kwenye matete. Robo saa ya kwanza hakukuwa na kitu ila vyura na kereng'ende mmoja aliyekuwa akikausha mabawa. (Wengi huondoka ndani ya robo saa hiyo, kisha husema pale hakuna ndege.) Mara kukuziwa akatoka kwenye matete na vifaranga wanne, weusi kama masizi, vichwa vyekundu karibu na upara, wakimfuata wakilialia. Kila alipopata kitu majini alimpa aliye karibu kwa ncha ya mdomo. Juu yao, kwenye tete lililoinama, mdiria alikuwa ametulia. Akajitupa, akarudi na kisamaki, akakipigapiga kwenye tete mpaka kikaacha kufurukuta, akakigeuza kianze kichwa ndipo akakimeza, kwa sababu kikiingia kwa mkia mapezi hukwama kooni.

Wakafika vijana watatu. Hawakuwa wakorofi, walinisalimu vizuri. Mmoja akataka picha ya yangeyange wakiruka, na wale yangeyange walikuwa wamesimama tu. Akapiga makofi mara mbili. Yangeyange wakaruka, picha ikapatikana. Mdiria naye akatoweka, na kukuziwa akawakusanya watoto wake akakata maji moja kwa moja hadi ng'ambo, kule kusikofika kijia. Waliingia kwenye matete ya upande ule wakatulia. Vijana walipoondoka, haikupita nusu saa familia ile ikarudi mbele yangu. Najiuliza wangeenda wapi kama ng'ambo ile nako kungekuwa na mbao, na watu, na makofi.

Sitaki kujifanya malaika. Niliwahi kupiga makofi kama yale, na zaidi ya hayo niliwahi kucheza sauti ya ndege kwenye simu ili atoke kichakani. Alitoka kweli. Alikuwa dume mwenye eneo lake, na kwa dakika kadhaa alizunguka kichaka akimtafuta mpinzani asiyekuwepo badala ya kutafuta chakula. Picha hiyo ninayo mpaka leo na siipendi.

Kuna wanaosema ndege wakiruka si watarudi tu, hasara iko wapi? Hasara iko kwenye mafuta ya mwili. Mwaka 2022 ndege mmoja wa matopeni, mwenye umri wa miezi kama mitano tu, alifuatiliwa kwa setelaiti akiruka kutoka Alaska hadi Tasmania, takriban kilomita 13,560 kwa siku 11, bila kutua. Sisemi kwamba ndege wa namna hiyo anakuja kwenye dimbwi letu. Ila wanaotua kwetu wakiwa safarini nao wanaishi kwa hesabu ileile: kila wanachokula ni akiba, na kila wanapotimuliwa akiba inapungua.

Nimesikia pia ukitajwa Mkataba wa Ramsar wa mwaka 1971, kwamba unazungumzia "matumizi ya busara" ya ardhioevu, kwa hiyo watu wana haki ya kufika. Sawa kabisa, wafike. Lakini kufika si lazima kuwe kufika kila mahali. Peter Scott, aliyeanzisha kituo cha ndege wa majini Slimbridge, Uingereza, mwaka 1946, alikuwa amewatazama bata bukini wa pale akiwa ndani ya kibanda cha zege kilichoachwa na vita. Ndege hawakumwona, yeye akawaona. Sisi tunataka kufanya kinyume chake.

Fedha za mbao zikipatikana, zijengewe ukuta wa matete pale mwisho wa kijia, wenye matundu ya kuchungulia ya kimo tofauti: la mtu mzima, la mtoto na la aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu. Malalamiko ya wenye viti hivyo kwamba mwisho wa kijia ni finyu na hawawezi kugeuka ni ya haki, na yalipaswa kusikilizwa zamani, papanuliwe. Kuhusu wanaochoshwa na kurudi njia ileile, wajaribu kurudi polepole. Jua linakuwa limehama, na tete lililokuwa tupu wakati wa kwenda unakuta lina mtu wake.

Nguzo za kijia kipya tayari zimerundikwa karibu na benchi. Juzi nilimkuta mdiria amezigeuza kituo cha kuvulia, na nguzo ya juu kabisa imeshachafuka kwa kinyesi chake. Zinatosha kujengea ukuta ninaousema, na hata zikicheleweshwa hapo zilipo, yeye hatalalamika.

Mtembeaji wa alfajiri