Mnatuambia tuchague, na gunia halisemi lilikotoka

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo moja kuhusu haya mahindi ya GMO, yaani yaliyobadilishwa jeni kwenye maabara, na naomba msiikate sana barua yangu maana wanaoongea kila siku ni mawakili, wanasayansi na wanasiasa, sisi tunaosagia watu unga hakuna aliyetuuliza kitu.

Mimi nina mashine ya kusaga hapa Kaloleni, Kilifi. Ni mashine moja tu ya dizeli, aliniachia marehemu baba. Mbali na kusagia watu huwa nauza mahindi pia, nanunua magunia kwa madalali wanaotoka Mombasa ama kwenye malori Mariakani, halafu nauza kwa pishi na kwa kibaba. Wateja wangu wengi sio watu wa unga wa paketi, hata wale wanaoweza kununua paketi wanakwambia sima ya paketi haishibishi, wanataka wayaone mahindi kwa macho, wayashike, wayanuse, ndio wasagiwe.

Mwezi uliopita akaja nyanya mmoja ninayemjua tangu niko mtoto, akachota mahindi kwenye gunia akayageuzageuza kwenye kiganja, akaniuliza, "Mwanangu, haya si yale ya kutengenezwa?" Nikakosa la kusema. Sio kwamba nilitaka kumficha, sikujua! Gunia lilikuwa jeupe halina hata herufi moja, dalali alikuwa ameniambia ni mahindi ya Tanzania, lakini dalali huyohuyo wiki ya nyuma aliniambia ni ya Kitale, hapahapa Kenya, na mimi nikiangalia punje naona ni zilezile. Nikamwambia, "Nyanya, sijui." Akarudisha punje zake ndani ya gunia, akanunua nusu pishi wakati siku zote hununua pishi nzima, akaenda zake. Ile sijui yangu inaniuma mpaka leo, nimefanya hii kazi miaka kumi na tisa na nimeshindwa kumwambia mzee anakula nini.

Najua kuna mtu atasema kwani shida iko wapi si mahakama ilisimamisha hayo mambo. Wacha nirudi nyuma kidogo ndio tuelewane. Novemba 2012 serikali ya Mzee Kibaki ilipiga marufuku vyakula vya GMO kuingizwa nchini, na ilikuwa baada ya utafiti wa Ufaransa uliosema panya waliolishwa mahindi ya GMO walitoka uvimbe. Mwaka uliofuata jarida lililochapisha ule utafiti likauondoa, likasema panya walikuwa wachache na ni wa aina ambayo kupata uvimbe ni kawaida yao, wenyewe walioufanya wakauchapisha tena kwingine 2014. Huku kwetu marufuku ikabaki palepale miaka kumi. Halafu tarehe 3 Oktoba 2022, kiangazi kimetukaba, ng'ombe wanakufa Ganze na Magarini, baraza la mawaziri likakaa kikao na marufuku ikaondolewa. Hatukuulizwa ilipowekwa na hatukuulizwa ilipotolewa. Kisha mwezi uliofuata waziri wa biashara wa wakati ule, Moses Kuria, akasema hadharani kwamba vitu vya kuua watu hapa nchini tayari ni vingi, kuongeza GMO hakuna ubaya. Mimi niliyasikia kwenye redio nikiwa hapa kwa mashine na foleni ya akina mama nje, na nawaambia ukweli kuna mama alisema basi wametuona sisi ni wa kufa tu. Kwa waziri anayezungumzia chakula cha watu wenye njaa, yale hayakuwa maneno ya kusema.

Baada ya hapo ikawa ni korti na korti. Kesi moja ya kupinga marufuku kuondolewa ikatupwa Oktoba 2023, nyingine Mahakama Kuu ikaitupa Novemba 2024, Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uingizaji na upanzi mpaka rufaa isikizwe. Sawa. Lakini amri ya korti inakaa Nairobi kwenye faili na gunia linakaa hapa Kaloleni halina herufi, hayo mawili hayajawahi kukutana. Leo ikiruhusiwa, kesho ikikatazwa, keshokutwa iruhusiwe tena, kwangu mimi gunia ni lilelile jeupe.

Sasa nataka niseme kitu ambacho najua wenzangu wanaopinga GMO hawatakipenda. Mimi sisemi GMO inaleta kansa. Nimewasikia wanaosema ukila utazaa watoto vilema, ati wanaume watakosa nguvu, na hizo habari zinatembea kwa WhatsApp mpaka watu wanaogopa mahindi yote. Kuna afisa wa kilimo alikaa hapa akanieleza vizuri, akasema yale mahindi waliyokuwa wanajaribu KALRO, lile shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, yamewekwa jeni kutoka kwa bakteria anayeishi kwenye udongo, funza wa mabua akitafuna ile mmea tumbo lake linaharibika anakufa, lakini tumbo la mtu halina pale pa kushikwa na ile sumu, na kwamba bakteria huyohuyo wakulima wasiotumia kemikali wanampulizia mimea miaka mingi. Nilimwelewa. Na mimi naona kwa macho yangu gunzi lililotobolewa na funza linavyoletwa hapa limeota ukungu, na ukungu kwa sisi wa unga sio mchezo. 2004 kule Ukambani walikufa watu 125 kwa sumu kuvu, kwa mahindi yao wenyewe ya shambani, sio ya Mzungu. Kwa hivyo mtu akiniambia kuna mahindi funza hayatoboi mimi siwezi kuziba masikio.

Na wale wa upande mwingine nao wanapenda kusema mbona Afrika Kusini wanakula miaka zaidi ya ishirini na hawajafa. Haya, hawajafa. Lakini nyanya hakuniuliza kama atakufa, aliniuliza haya ni yapi. Hilo ni swali tofauti kabisa na linahitaji jibu lake, na mkiona watu wazima wanauliza swali moja na wanajibiwa lingine kila siku ndio maana wanaacha kuamini yote, hata lile la kweli.

Kwenye karatasi sisi tuko vizuri sana. Sheria ya usalama wa hayo mambo iko tangu 2009, kanuni za lebo ni za 2012, zinasema chakula kikizidi asilimia moja ya GMO lazima kiandikwe. Mtu wa Nyali, kule Mombasa kwa wenye pesa, ataingia supamaketi atageuza paketi atasoma ataamua, Mungu amzidishie. Lakini kibaba kina lebo wapi? Pishi ina lebo wapi? Mahindi yakitoka melini yakamwagwa kwa bohari yakatiwa magunia yakapita kwa dalali wa kwanza na wa pili na wa tatu, mpaka yanifikie mimi hakuna anayejua yalikotoka. Kwa hivyo hiyo haki ya kuchagua chakula inayosemwa kwenye mijadala ni ya mwenye kununua paketi, na watu wanaonunua kwa kibaba ndio wengi na ndio waliotajwa kama sababu ya kuleta hayo mahindi, ati yaletwe kwa sababu wana njaa.

Halafu kuna jambo la pili ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko lote na silisikii likisemwa. Punje ya mahindi ni chakula lakini pia ni mbegu. Hapa kwangu mtu ananunua pishi mbili za kusaga, akiona mvua imekaribia anatoa vibaba viwili vizuri anavificha kwa leso, anaenda kupanda. Simlaumu, pakiti ya mbegu kwa duka la dawa za kilimo ina bei na mvua haingoji. Na mahindi yakitoa mbelewele upepo unabeba vumbi lake unapeleka shamba la jirani bila kubisha hodi. 2002 wakati wa njaa kule kusini mwa Afrika msaada wa Marekani ulikuja na mahindi ya GMO ndani yake, Rais Mwanawasa wa Zambia akakataa kabisa, na alilaumiwa sana kwa sababu watu wake walikuwa na njaa. Lakini Zimbabwe, Malawi na Msumbiji hawakukataa, walisema tutakula, lakini yasagwe kwanza! Yakisagwa hayaoti. Nilipoambiwa hiyo habari nilikaa nikafikiri sana, kwamba mashine kama hii yangu ndiyo mpaka kati ya kula na kupanda. Na Mexico, kule mahindi yenyewe yalikotokea duniani, mwaka 2025 wameandika kwenye katiba yao kwamba mahindi ya GMO yasipandwe kwao, na wakati huohuo wananunua mahindi ya njano ya Marekani kwa wingi. Kwa hivyo nchi inaweza kusema kula ni jambo moja na kupanda ni jambo jingine. Sisi tumeyachanganya tukayafanya kesi moja.

Hapa kwetu kuna mahindi ya kienyeji tunaita mdzihana. Hayazai sana kama ya dukani, nakubali, lakini yanavumilia jua la huku, na unga wake mimi naujua kwa harufu kabla sijaona gunia. Wazee wamechagua mbegu yake mwaka kwa mwaka, gunzi zuri linatundikwa kwenye uchaga juu ya jiko lipigwe moshi. Najua mahindi yenyewe ni mgeni huku, jina lenyewe linasema, lakini mgeni aliyekaa na watu vizazi na vizazi wakamlea amekuwa mwenyeji. Na hawa wazee wanaotunza hiyo mbegu walikuwa ni wahalifu, maana sheria ya mbegu ilivyorekebishwa 2012 kumpa ama kumuuzia jirani mbegu isiyosajiliwa ilikuwa ni faini mpaka milioni moja ama jela miaka miwili. Milioni moja! kwa gunzi la jirani. Mpaka Novemba 2025 Mahakama Kuu ndio ikasema vipengele hivyo vinakwenda kinyume na katiba. Kwa hiyo mbegu ya yule nyanya mteja wangu ilikuwa inalindwa na polisi dhidi ya jirani yake, na gunia lisilo na jina linapita barabara kuu mchana kweupe. Hilo limenikera kuliko yote.

Ninachotaka ni kitu kidogo na kinawezekana. Mahindi yoyote ya GMO yakiruhusiwa kuingia kama chakula, yasitoke Mombasa yakiwa punje. Yasagwe palepale, yatiwe paketi, yaandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mtu wa miaka sabini ataziona bila miwani, sio yale maandishi ya mchwa chini ya paketi. Mwenye kutaka anunue na asichekwe, asiyetaka aache na asiitwe mjinga. Najua nikisema hivyo nazuia mahindi kuja kwa mashine yangu na ile pesa ya kusaga itaenda kwa viwanda vikubwa, nimelifikiria hilo usiku na mume wangu, na bado nasema hivyohivyo.

Na mahindi mengine yote, ya Kitale, ya Tanzania, ya popote, yatembee na karatasi ya yalikotoka. Msiniambie haiwezekani. Machi 2021 serikali ilifunga mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu kuvu, siku chache tu wakafungua kwa masharti, kwamba waagizaji wasajiliwe, mzigo uwe na cheti cha kipimo na uonyeshe ulikotoka. Kumbe wakitaka wanaweza, hata kama baadaye wamelegea mpaka mimi naletewa gunia bubu. Pia kuna vile vikaratasi vya kupima, unasaga punje unatia maji unachovya, dakika chache unajua kama ina ile protini ya kuua funza. Kaunti iwape maafisa wa afya wa wadi wawe wanapita kwa mashine na kwa bohari. Mimi wangekuja kesho ningewapa kiti.

Juzi yule nyanya amerudi, lakini sio kununua. Alikuja na mdzihana yake ya uchagani kwenye kikapu, nikamsagia, nikakataa pesa akanilazimisha. Ameniambia ya sokoni hanunui mpaka nimpe lile jibu. Nikamuuliza amebakiwa na kiasi gani kule juu, akasema madebe mawili. Mavuno ni Agosti.

Mwenye mashine ya kusaga,
Kaloleni, Kilifi