Weusi chini ya macho hautibiwi kwa limau wala kwa mkorogo

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme neno kuhusu ushauri unaorudiwa kwenye kurasa za urembo, redioni na katika makundi ya WhatsApp: paka limau na magadi soda chini ya macho, na weusi usipotoka, nunua tyubu fulani dukani. Sisi kazi yetu ni ngozi na dawa, na hapo penye macho ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kujaribia.

Ngozi ya kope ndiyo nyembamba zaidi mwilini. Unene wake ni kama nusu milimita. Mafuta chini yake ni haba, ndiyo maana hukauka upesi, huonyesha mishipa ya damu na huweza kujaa maji kwa usiku mmoja. Wembamba huo pia hufungulia dawa njia. Mwaka 1967 watafiti Feldmann na Maibach walipima jinsi haidrokotisoni, dawa ya kupaka ya jamii ya steroidi, inavyopenya sehemu mbalimbali za mwili. Iliyopakwa kwenye kipaji cha uso iliingia mara 6 zaidi ya ile iliyopakwa mkononi kati ya kiwiko na kiganja, na ya kwenye taya mara 13. Kope ni nyembamba kuliko kipaji na taya. Kwa hiyo krimu ambayo goti linaivumilia mwaka mzima inaweza kuumiza kope kwa wiki chache.

Tuanze na hiyo tyubu. Soma maandishi madogo. Ukikuta betamethasone, clobetasol, fluocinonide au mometasone, umeshika steroidi, yaani dawa ya kutibu magonjwa ya ngozi, hata kama imewekwa rafu moja na losheni. Mikorogo mingi, yaani michanganyiko ya kung'arisha ngozi, hutengenezwa kwa kuikamulia tyubu kama hiyo ndani ya kopo la mafuta, na mnunuzi haoni tena jina lolote. Siku za mwanzo matokeo hupendeza, kwa sababu steroidi hubana mishipa ya damu na kupunguza rangi. Baada ya miezi ngozi huzidi kuwa nyembamba, mishipa hujitokeza, na vipele vidogo huzunguka macho na mdomo. Mtumiaji akiacha, uso huwaka, hupiga wekundu na kuvimba; akirudia, unatulia. Hapo ndipo wengi wanaponaswa, wakidhani ngozi yao "imeizoea" dawa, kumbe dawa ndiyo ugonjwa wenyewe.

Hatari kubwa zaidi haionekani kwenye kioo. Steroidi inayopakwa karibu na jicho kwa muda mrefu huweza kupandisha presha ya jicho na kuharibu neva ya kuonea pasipo maumivu, na huweza kuleta mtoto wa jicho hata kwa kijana. Aliyeitumia kwa miezi asingoje kuona ukungu. Aende kliniki ya macho, aseme wazi alichopaka na kwa muda gani, na aombe kupimwa presha ya macho. Nchini Tanzania vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango (TBS) tangu 2019, na dawa chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Tyubu ya steroidi inayouzwa kama kipodozi inapita katikati ya nyumba hizo mbili, na tungependa kuona wakaguzi wa pande zote wakiingia dukani pamoja.

Haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, nayo ina madhara ya kinyume na ahadi yake. Mtafiti Findlay alieleza mwaka 1975, kutoka Afrika Kusini, jinsi watumiaji wake wa muda mrefu walivyotokwa na madoa ya buluu-nyeusi usoni. Madoa hayo ni magumu mno kuondoa. Zebaki, inayotiwa pia katika baadhi ya krimu za kung'arisha, hudhuru figo. Kwenye lebo tafuta maneno mercury, mercurous chloride au calomel, na krimu isiyoorodhesha viambato kabisa iache hapo hapo dukani.

Limau je? Ngozi yenye afya ina asidi kidogo: pH yake, yaani kipimo cha asidi ambacho kadiri namba inavyoshuka asidi huzidi, ni karibu 5. Maji ya limau ni karibu 2, na magadi soda yako upande wa pili, zaidi ya 8. Unaichoma ngozi hiyo hiyo kwa njia mbili. Ndimu ni mbaya zaidi ukitoka juani, kwa kuwa ina kemikali zinazoamshwa na jua, na alama ya kuungua inayobaki huwa nyeusi kuliko ule weusi uliotaka kuuondoa.

Kabla ya kununua chochote, jua weusi wako ni wa aina gani. Kaa mbele ya dirisha mchana, shika kioo, uvute ngozi ya chini ya jicho taratibu kwa kidole. Rangi ya kahawia inayosogea pamoja na ngozi ni rangi ya ngozi yenyewe, mara nyingi ya kurithi au ya kufikicha. Ikigeuka zambarau na kukolea unapovuta, ni mishipa inayoonekana. Ikipotea unapoinua uso kuelekea mwanga, ni kivuli cha bonde lililo chini ya jicho, na hakuna krimu duniani inayojaza bonde. Wengine huwa na aina mbili kwa pamoja. Kulala vizuri husaidia ile ya mishipa. Ya kurithi haijali ulilala saa ngapi.

Mwenye weusi wa kufikicha atibu mwasho kwanza. Mtoto anayefikicha macho kila msimu wa vumbi ana mzio, na kufikicha kwa miaka huweza kuharibu hata umbo la kioo cha jicho. Apelekwe kliniki ya macho, na nyumbani akandwe kwa kitambaa safi cha maji baridi kwa dakika 10.

Matunzo ya kila siku ni mepesi na hayana gharama kubwa. Vipodozi vya macho vitolewe kila usiku: lowesha pamba kwa mafuta ya maji yasiyo na manukato, iweke juu ya kope iliyofumbwa kwa nusu dakika, kisha futa kuelekea chini mara moja, bila kusugua. Osha kwa maji ya kawaida. Ngozi ikiwa bado na unyevu, paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu, kiasi cha punje moja ya mchele kwa kila jicho, kwa kidole cha pete kwa sababu hakina nguvu. Paka juu ya mfupa unaozunguka jicho, usifike kwenye mstari wa kope. Mafuta husogea yenyewe kwa joto la mwili, na ukipaka karibu utaamka macho yanawasha. Mchana, krimu ya kukinga jua yenye zinki oksidi huchoma macho kidogo kuliko nyingine. Miwani ya jua na kofia pana hufanya kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Maskara ibadilishwe kila miezi 3, na wanja usiazimane.

Vipele vya kope visivyopona vina chanzo ambacho wengi hawakikisii: kucha. Rangi ya kucha na jeli za saluni huacha vidole salama, lakini vidole hugusa kope mara nyingi kwa siku, na kope ndiyo inayolipa. Acha rangi ya kucha kwa mwezi mmoja uone. Piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, kwenye nyusi ni jambo la kuogopwa zaidi, kwani weusi wake hutokana na kemikali iitwayo PPD. Marekani mwaka 1933 rangi ya nywele za kope na nyusi ya aina hiyo, Lash Lure, ilipofusha mtumiaji, na kisa hicho kilichangia sheria ya vipodozi ya 1938. Bibi harusi apakwe hina halisi mikononi, na nyusi ziachwe kwa penseli.

Ombi letu kwako Mhariri ni kwamba kurasa za urembo zisichapishe mchanganyiko wowote wa kupaka karibu na macho kabla mfamasia au daktari wa ngozi hajausoma.

Na kwa wasomaji wenye watoto: mtoto anayeamka macho yamevimba siku kadhaa mfululizo, hasa miguu ikivimba pia au mkojo ukitoa povu, apimwe mkojo, kwani hiyo huweza kuwa ni figo. Kope iliyovimba, ikawa ya moto na mtoto ana homa, au akilia anapozungusha jicho, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Wahudumu wa ngozi na dawa,
Dar es Salaam