Msiuite ukeketaji tohara

Ndugu Mhariri,

Kila Desemba inapokaribia, magazeti yetu huandika habari za wasichana wanaokikimbia kisu huko Tarime na Serengeti. Mara nyingi nakuta kitendo hicho kimeitwa "tohara ya wanawake". Naomba jina hilo liachwe.

Nilisoma chuo cha Kurani Tanga, na kitabu cha fikihi, yaani sheria za dini, tulichofunguliwa kilianza na mlango wa twahara, ambayo ndiyo tohara. Mwalimu alitupeleka kisimani, akateka maji, akatumiminia mikononi kwa kata na kutuambia tuyatazame, tuyanuse, tuyaonje: maji yasiyobadilika rangi, harufu wala ladha yake. Hayo ndiyo yanayotwaharisha. Neno ni la Kiarabu, na maana yake ni usafi: wa mwili, wa nguo, wa mahali pa kusalia. Hata kutahiri, kwa asili yake, ni kutakasa. Kwa kuwa wavulana waliopelekwa jandoni walisemwa wametahiriwa, polepole tohara ikabaki kuwa jina la kukata tu. Kijana wa leo ukimtajia tohara, hayafikirii maji hata kidogo.

Lakini ile maana ya usafi haijafa, na hapo ndipo pana hatari. Ukisema binti ametahiriwa, umesema kwamba alizaliwa mchafu na wembe umemsafisha. Hiyo ndiyo hoja ya ngariba, neno kwa neno! Mwandishi anayekipinga kisu huku akikiita tohara anamsaidia bila kujua.

Neno tunalo: ukeketaji. Kukeketa ni kukata kwa kisu butu, kwenda na kurudi, na ndiyo maana mtu mwenye msokoto husema tumbo linamkeketa. Neno hilo linauma kulitamka, na ni haki liume. Tangu 1998 sheria ya Tanzania inamhesabu mtu anayemkeketa msichana wa chini ya miaka 18 kuwa mhalifu.

Tukitaka kuusema usafi, lugha yetu haina njaa. Mawingu yakiondoka baada ya mvua twasema mbingu zimetakata, na katika takata hiyo tumepata kutakasa na utakatifu. Hakuna damu humo.

Basi naomba waandishi wenu waandike ukeketaji, kwenye kichwa cha habari na ndani yake. Na afisa mnayemnukuu akisema tohara, mwacheni na kauli yake, ila sentensi inayofuata iwe yenu na iseme ukeketaji.

Msomaji wenu,
Tanga