Tusikilize spika kwanza ndo tulipe

Mhariri,

Naomba nafasi niongelee hili la kununua spika za nyumbani, maana watu wanatoa hela nyingi kwa kusoma boksi tu, boksi limeandikwa wati elfu kadhaa PMPO (yaani nguvu ya juu kabisa ya kufumba na kufumbua) basi mtu anaona hiyo ndo yenyewe, wakati PMPO haina kipimo kimoja kinachokubalika, kila kiwanda kinajipigia hesabu yake. Angalia RMS, yaani nguvu inayotumika muda wote bila kuchoka, na hata hiyo haikwambii spika inasikikaje.

Lazima usikilize, na hapo dukani ndo penye shida. Muuzaji akitaka uchukue ile ya bei kubwa anaiongezea sauti kidogo tu, hata desibeli moja (kipimo cha ukubwa wa sauti) inatosha, na masikio yetu ndo yalivyo, kinachosikika kwa nguvu zaidi yanakiona kizuri zaidi. Wala hutasema imezidi sauti, utasema hii ni safi. Kwa hiyo spika mbili ukizilinganisha zipige kwa sauti sawa, kuna programu za bure za simu zinapima desibeli, weka simu pale ulipokaa upime zote mbili, na ekwalaiza, ile ya kuongeza na kupunguza besi na trebo, izimwe kabisa. Na usiziangalie ukiweza! Mwaka 1994 watafiti wa spika Floyd Toole na Sean Olive waliwapa watu spika zilezile wasikilize, mara wakiziona mara zikiwa zimefichwa, na maksi walizotoa zikabadilika.

Alafu nyimbo za majaribio za muuzaji achana nazo, zimechaguliwa zipendeze. Nenda na zako unazozijua vizuri, ila mimi naanza na mtu anayeongea tu, mtangazaji kwa mfano, kwa sababu sauti ya mtu tunaisikia toka tumezaliwa, spika ikiiharibu ikawa kama inatokea ndani ya ndoo unajua hapohapo, hata sabufa iwe kubwa vipi haikufichi hilo. Sikiliza spika moja peke yake pia, kasoro zake zinajificha zikipiga mbili. Na punguza sauti mpaka ile ya usiku watu wamelala, sikio kwenye sauti ndogo linapoteza besi kwanza (wanasayansi wa sauti Fletcher na Munson walishalipima hili mwaka 1933), na nyumbani muda mwingi tunasikiliza kwa sauti ndogo, sio ile ya dukani ya kutikisa madirisha.

Sasa ombi langu kwa wenye maduka. Chumba kinabadilisha spika sana, ukiisogeza ukutani besi inaongezeka, ukiiweka kwenye kona inaongezeka zaidi mpaka inavuma, kwa hiyo hata mtu akisikiliza vizuri dukani bado hajajua kwake itakuwaje. Turuhusuni basi tukajaribu nyumbani siku chache, na ikikataa chumba tuirudishe ikiwa nzima na boksi lake. Na wewe mnunuzi uliza hilo kabla hujatoa hela, na wakuandikie kwenye risiti.

Mpenda muziki