Mtoto wa mbwa asitolewe kwa mama yake mapema

Mhariri,

Hapa Kibirizi watu wanachukua watoto wa mbwa wangali wananyonya, wanawabeba kwenye kiroba, kisha wanashangaa wakifa ndani ya wiki. Nawaomba sana majirani, mwacheni anyonye hata wiki 8. Kabla hajaja, tengeni boksi lenye gunia kavu, mahali pasipofikiwa na mvua wala upepo wa ziwani. Uji mwepesi na dagaa waliochemshwa bila chumvi wakapondwa vinamfaa. Mifupa ya kuku na mchuzi wenye vitunguu, hapana. Dawa ya minyoo apewe mapema, maana minyoo hiyo huwaingia hata watoto wetu wanaocheza naye mchangani.

Akifika miezi 3 achanjwe kichaa cha mbwa, na chanjo irudiwe kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Wapo wanaosema mbwa aliyechanjwa halindi nyumba. Si kweli kabisa! Na mtoto aking'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wa kwenu.

Mama mfugaji,
Kibirizi, Kigoma