Barua ya wazi kwa vijana wetu mliobatizwa juzi, na mnaosubiri zamu

Wanangu, Bwana asifiwe. Nawaandikia nikiwa na uchungu na sitauficha. Siku ile ya ubatizo mmoja wenu katoka majini, hata uso hajaufuta, anauliza "imetoka poa? au nirudie?" Urudie nini mwanangu? Halafu Meza ya Bwana ilipoandaliwa wengi wenu mlikuwa nje mnapiga picha na ndugu zenu, mkate umepita, kikombe kimepita, nyie hampo.

Darasani mlikariri tu naona. Ubatizo hauokoi mtu, yule mhalifu pale msalabani hakubatizwa na Yesu alimwambia leo hii utakuwa nami peponi. Unabatizwa kwa sababu umeshaamini, ndio maana sisi Wabaptisti hatubatizi watoto wachanga, na tunazamisha mwili wote maana Warumi 6 inasema tumezikwa pamoja naye, sasa nani anazikwa kwa kunyunyiziwa? Watu wameufia huu ubatizo jamani. Felix Manz, mmoja wa Waanabaptisti wa Uswisi (waliobatiza upya watu wazima), alitoswa mto Limmat pale Zurich mwaka 1527 akafa maji, kosa lake kubatiza watu wazima waliokiri imani. Yeye hakuwa Mbaptisti, sisi tulianza baadaye na kina John Smyth na Thomas Helwys kule Amsterdam mwaka 1609, lakini jambo walilosimamia ni hilo hilo, kwamba imani haishurutishwi wala hairithishwi na mzazi. Helwys akarudi Uingereza, akamwambia mfalme wazi kwamba mfalme si Mungu, akafungwa Newgate, gereza la London, na hakutoka hai.

Na wazazi nanyi mnanikera, mnamsukuma mtoto majini ili asiaibishe familia, au kwa sababu harusi imekaribia. Makanisa nayo yanataka idadi ya kuweka kwenye ripoti. Huko ni kushurutisha tu, hata kama tunaimba mapambio.

Kuhusu meza, mkate unabaki mkate na kikombe ni ukumbusho, ila msiseme "ni ukumbusho tu" mkaenda zenu. Someni 1 Wakorintho 11. Wale Wakorintho walikula kila mtu chake, huyu ana njaa huyu amelewa, na Paulo akawaambia wanapokutana kula wangojane. Ubatizo umekuingiza kwenye mwili wa Kristo, yaani kanisa, meza ndiyo inakukalisha na huo mwili mara kwa mara mpaka Bwana arudi, kwahiyo ukibatizwa ukaikimbia meza umejitenga na hao hao uliokiri mbele yao. Jihoji kwanza kisha ule, Paulo hajasema ujihoji ukimbie. Uliyegombana naye kwenye kwaya mfuate kabla ya ibada, yaishe.

Mengine kwa kifupi: njooni mapema, simu zizimwe, somo la Jumatano msiliache.

Na wewe uliye kwenye orodha ya kubatizwa lakini moyoni unajua bado hujaamini, mwambie mchungaji akutoe. Usiogope mama atasemaje, mimi nitaongea naye. Ibadani njoo kama kawaida, tutakungoja.