Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, wazazi wenzangu, na ninyi vijana wetu mnaoishi na XP (xeroderma pigmentosum), ugonjwa wa kurithi unaofanya ngozi na macho kudhurika sana na jua,

Mwaka huu nguvu zetu nyingi zimeishia shuleni. Kamati ilikuwa na mipango mingine, lakini simu za wazazi zilirudia jambo lilelile: mtoto amesimamishwa mstarini asubuhi, juani, kichwa wazi, kwa kuwa kofia si sehemu ya sare. Shule moja ilimrudisha binti nyumbani kwa sababu ya mikono mirefu na miwani. Mara nyingi mwalimu hana nia mbaya. Ameambiwa mtoto ana "aleji ya jua", naye anaona jua la asubuhi halina neno.

Ndiyo maana tulipokwenda kuonana na walimu tulianza na ugonjwa wenyewe kabla ya kuomba lolote. Miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, huharibu DNA, yaani maelekezo ya urithi ndani ya seli, ya kila mtu anayetoka nje. Kwa mtu mwingine, seli hukitambua kipande kilichoharibika, hukikata na kukijaza upya, kama fundi cherehani anavyotoa sehemu iliyooza na kutia kiraka. Kwa watoto wetu kazi hiyo haifanyiki inavyopaswa. Madhara hubaki, yakarundikana, na saratani ya ngozi huweza kuja mtoto akiwa bado shule ya msingi. Mtafiti James Cleaver aliigundua kasoro hii mwaka 1968, na mwaka 2015 mwanasayansi Aziz Sancar alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kuonyesha jinsi seli inavyoikarabati DNA yake. Mwalimu akishayaelewa haya, hoja ya sare huisha yenyewe.

Tunachokiomba shuleni hakina gharama kubwa: kofia pana, miwani, mikono mirefu, ruhusa ya kukaa darasani wakati wa mstarini na michezo ya nje, na dawati mbali na dirisha. La dirisha linawashangaza wengi. Kioo cha kawaida huzuia sehemu ya miale hiyo, lakini nyingine hupita. Mawingu nayo si kinga.

Jambo la pili ni kuchanganywa na ualbino. Mtoto wa XP huzaliwa na rangi ya wazazi wake; madoa meusi usoni huanza baadaye, mara nyingi kabla ya miaka miwili, na macho huukimbia mwanga. Wengine hawaungui hata kidogo wakikaa juani, na hao ndio wanaochelewa kutambuliwa. Tunawashukuru wenzetu wa vyama vya watu wenye ualbino, ambao tumejifunza mengi kwao, na tunafurahi kwamba mafuta ya kujikinga na jua ya Kilisun yanatengenezwa hapahapa Moshi. Lakini mafuta peke yake hayamtoshi mtoto wa XP. Nguo na kivuli ndiyo kinga ya kwanza.

Wanachama wenye asili ya Ngazija wameuliza kama jambo hili linawahusu zaidi. Ndiyo. Huko Mayotte, kimojawapo cha visiwa vya Komoro kama Ngazija, watafiti walikuta mtu mmoja kati ya 5,000 hivi ana XP, wakati Ulaya na Marekani ni mmoja kati ya milioni. Chanzo ni kasoro moja ya jeni iitwayo XPC, mojawapo ya jeni za kukarabati DNA, iliyorithishwa kizazi hadi kizazi. Ndoa za binamu huongeza uwezekano wa wazazi wote wawili kuibeba. Nasema wote wawili, na nalisisitiza, kwa kuwa bado kuna akina mama wanaoachwa wakiambiwa wameleta laana ukoo wa mume. Mtoto hapati XP mpaka apokee jeni yenye kasoro kwa baba na kwa mama, na kila mimba ya wazazi hao ina uwezekano wa robo. Mwenye kumlaumu mama peke yake anadhulumu.

Nyumbani, nawaomba msiache ukaguzi wa ngozi. Keti na mtoto penye taa nzuri ya LED, tazama nyuma ya masikio, kichwani katikati ya nywele, kingo za kope, midomo, hata ncha ya ulimi, maana saratani hutokea hapo pia. Kidonda kisichopona au kijinyama kinachokua kisisubiri tarehe ya kliniki. Kikikatwa kingali kidogo, mtoto hubaki na pua yake na jicho lake. Muulizeni daktari pia habari ya vitamini D, ambayo mwili huipata kwa jua, na msiruhusu sigara ndani ya nyumba.

Hesabu zitasomwa na mhazini. Kwa ufupi, ada zinachelewa, na fedha nyingi zimekwenda kwenye nauli za kliniki. Kamati inaomba idhini yenu kununua kipimo cha urujuanimno, kitakachozunguka kwa zamu kwenye nyumba na madarasa ya watoto wetu. Mkikubali, shule zitakazofunguliwa Januari ndizo zitakazopimwa kwanza.